Silikoni Nyekundu

Kaleb ndiye aliyeigusa kwanza, asubuhi, kabla mama ntilie wa Segera hajawasha jiko, akaurudisha mkono haraka. Injini ilikuwa ya moto. Huo haukuwa moto wa jua, maana jua lilikuwa bado halijavuka bati la jirani. Ulikuwa moto wa injini iliyozimwa sasa hivi baada ya safari ndefu, na injini hiyo ilikuwa imelala juu ya matairi mawili chakavu kwa siku kumi na tisa, haina betri, haina petroli, haina hata gari.

"Mgosi," alimwita mwenzake kwa sauti ya chini, kwa neno la kwao la kumwita mwanamume. "Njoo uguse hapa."

Muhidini akaja akifuta mikono, ule wa kulia ukiwa na kidole gumba kifupi kilicholiwa ncha na mkanda wa feni zamani. Akagusa. Akasema ni bati la gereji linatunza joto la jana. Kaleb, mtu wa Magoma aliyefanya naye kazi miaka kumi na minne, alijua kwamba bati halitunzi joto la jana, na alijua kwamba Muhidini naye anajua. Hakumbishia, kwa sababu injini ile ilikuwa ya marehemu, na marehemu alikuwa mdogo wake Muhidini.

Aliitwa Ikram. Alikuwa fundi umeme mgodini, na mwaka jana alirudi kwao Handeni na gari la mbio la bluu, milango miwili, lililokaa chini kiasi kwamba kila tuta la barabarani lilikuwa kesi. Watu walilicheka na kulitamani kwa wakati mmoja. Kisha siku moja kwenye mwinuko wa kutokea Hale, akiwa katikati ya kulipita lori la mkonge, injini ilikwama ghafla, gari likakosa nguvu, na basi lilikuwa linakuja. Hospitali hakufika.

Wiki moja kabla ya hapo alikuwa amerekodi sauti ya injini kwenye simu. Sekunde arobaini. Ko, ko, ko, chuma kinagonga chuma, halafu sauti yake: "Kaka, sikia hii, ni kawaida?" Mwishoni anacheka. Aliituma kwa Muhidini, na kwa mama yao pia, kwa kuwa kila kitu alimtumia mama. Muhidini alikuwa anakula ubwabwa. Akajibu kwa maandishi: "Gari za mbio ndivyo zilivyo. Kanyaga tu."

Msibani akaja ujumbe wa mtu mmoja wa Dar es Salaam anayeagiza magari ya aina ile. Alisema kiwanda chenyewe kilikuwa kimewatangazia wateja kwamba huenda baadhi ya injini zilifungwa vibaya. Gundi ya kuzibia sampo, lile beseni la chini linalokaa oili, iliwekwa nyingi kupita kiasi, na ile iliyozidi ilikuwa ikikatika vipande vipande ndani na kuziba chujio la pampu. Chujio likiziba, oili haipandi. Oili isipopanda, vyuma vinasagana vikavu, vinagonga, kisha vinakwama. "Fungueni sampo mtazame chujio," aliandika. "Mtajua."

Fundi mwenye akili angefungua sampo kwanza, akasema baadaye. Muhidini alisema kwanza. Aliusoma ujumbe ule kwa sauti mbele ya jamvi zima la wanaume, akausoma tena kwa wanawake jikoni. "Wameniulia mdogo wangu huko kiwandani," alisema, na nafsini mwake, Mungu amsamehe, kulikuwa na kitu kama raha. Kisha akaleta wazo la halbadiri, kisomo ambacho kwetu mtu aliyedhulumiwa humsomea mdhulumu asiyemjua ili apatikane popote alipo.

Mwalimu Muhsin wa madrasa, aliyetakiwa kusoma, hakulipenda wazo hilo. Alimuuliza mama wa marehemu mara tatu kama anakitaka kisomo hicho, na mara tatu Bi Mashavu alimtazama mwanawe mkubwa.

"Soma, mwalimu," Muhidini alijibu kwa niaba yake.

"Mimi nasoma tu," mwalimu alisema. "Kinachotoka hapa kwenda kutafuta sikiongozi mimi, na chenyewe hakina ndugu. Mna hakika?"

"Aliyemuua Ikram kimpate. Soma."

Chetezo cha ubani alikishika Muhidini mwenyewe mpaka kisomo kikaisha. Siku ya tisa baada ya hapo ndipo injini ilipopata moto.

Siku ya kumi ikaanza kugonga. Haikugonga usiku, ambako mtu angesema ni panya. Ilikuwa saa saba mchana, jua la utosi, saa ambayo wazee wa Kizigua hawapendi mtu akae peke yake kichakani. Magari yalikuwa yakipita njia panda kama kawaida, wauza machungwa wanapiga kelele, na ndani ya kelele hizo zote Kaleb akasikia ko, ko, ko. Akazima redio. Ikaendelea. Akainama hadi kwenye injini, kisha akainuka taratibu na kwenda kusimama barabarani kwenye watu.

"Haina betri, Muhidini," alisema alipofuatwa. "Haina tone la mafuta. Inagonga na nini?"

"Punguza sauti, wateja watasikia."

"Na ile harufu? Oili iliyoungua na ubani. Nani anachoma ubani gereji?"

Muhidini alikuwa ameisikia harufu tangu juzi, kwenye nguo zake, kwenye mto, kwenye chai. 

Jioni mama yake akapiga simu. Hakusalimia vizuri. "Umefungua?" aliuliza. "Arobaini inakaribia, mwanangu. Nataka nijue nani kaniulia mtoto. Nikijua nitalala." Nyuma ya sauti yake Muhidini alisikia ile rekodi ikicheza. Kila baada ya sala ya alasiri Bi Mashavu huisikiliza, na hajali habari za injini, anasubiri pale mwishoni Ikram anapocheka.

Kesho yake wakafungua. Walianza mapema lakini boliti zilikuwa kaidi, na hata hilo lilimtia Muhidini wasiwasi, kwa kuwa vichwa vya boliti za kiwandani huwa safi, na hizi zilikuwa na mikwaruzo ya spana. Mpaka wanafikia ya mwisho ilikuwa saa saba. Ugongaji ulianza wakiwa wameushikilia mwili wa injini, wakausikia viganjani. Sampo likaachia. Ndani mlikuwa na oili kidogo iliyobaki, nyeusi, imetulia.

Kaleb akainama kutazama, Muhidini naye akainama, na katika oili ile zikaonekana sura zao mbili na baina yao sura ya tatu, ndefu, isiyokuwa na nyusi, ambayo haikuwa ikitazama injini kama wao bali ilikuwa imegeuka upande, imemtulizia Muhidini macho kwa karibu sana, kwa subira, jinsi mtu anavyomtazama mwenzake aliyelala akingoja aamke, na Kaleb alipogeuka kuangalia ni nani aliyesimama kati yao hakukuta mtu, ila bega lake la upande huo lilikuwa limelowa jasho lisilo lake, linanuka ubani, na aliporudisha macho kwenye oili, ile sura ilikuwa bado ipo.

"Yesu wangu," alinong'ona. "Maliza, mgosi. Maliza upesi tutoke."

Muhidini akapeleka mkono juu, kwenye chujio la pampu, kwa kupapasa tu kwa kuwa macho hayakutaka kumtii, na vidole vyake vilipofika pale vikakuta vitu laini vimejazana, vinateleza, na kabla hajavivuta kitu kikamshika kile kidole gumba kifupi, hakikumuumiza, kilikishika tu na kukipapasa pale penye kovu, kikazunguka kovu lote, kama mtu anayetaka kuhakikisha kwamba amefika nyumba aliyoelekezwa. Kisha kikamwachia, na ugongaji ukakoma.

Alipotoa mkono ulikuwa umejaa vipande vya silikoni, gundi ya kuzibia. Vilikuwa vyekundu.

Wakatazamana. Kwenye maungio ya juu ya injini, ambayo hayajaguswa na mtu tangu kiwandani, gundi ilikuwa nyeusi, uzi mwembamba ulionyooka.

"Kiwanda kinatumia nyeusi," Kaleb alisema polepole. "Nyekundu ni hii yetu. Ya tyubu."

Muhidini alikuwa anaangalia ukingo wa sampo. Mafundi wetu wana ugonjwa mmoja, hawaamini kitu kilichowekwa kwa kiasi. Yeye ndiye kinara. Hufinya tyubu nzima, husawazisha kwa kidole gumba, na inayozidi kwa ndani husema itajijua yenyewe. Pale ukingoni silikoni ilikuwa imekauka na alama ya kidole ndani yake, kidole kifupi, chenye kovu la mshazari. Hakuhitaji kukipima, lakini alikipima. Kiliingia sawasawa.

Ndipo akakubali kukumbuka. Miezi mitano nyuma, Ijumaa, Ikram alileta gari kwa sababu lilikuwa linadondosha oili, tone moja kwa usiku. Tone moja tu! Muhidini alikuwa anawahi msikitini. Alifungua, akabandua gundi ya kiwanda, akajaza yake, akafunga, na Ikram akamshika bega na kumwambia, "Wewe ndiyo fundi, kaka."

Kaleb alinawa mikono, akachukua begi lake na spana zake. "Kamwambie mama," alisema, bila kumtazama usoni. "Mimi hapa sirudi."

Muhidini akampigia Mwalimu Muhsin. Alieleza nusu, lakini mwalimu alielewa yote.

"Kinaondoka kwa mlango mmoja," mwalimu alisema. "Mwenye haki aisikie kweli kwa kinywa chako, akusamehe. Basi. Mama yako atakusamehe, Muhidini, ni mama. Lakini aisikie kabla ya arobaini. Ukimficha, mimi sina dawa, na mwingine akikwambia anayo anakula pesa yako."

Njia nzima ya kwenda Handeni, pikipiki ikipita Mkata na mashamba ya mahindi yaliyokauka, aliyarudia maneno. Ni mimi, mama. Nilizidisha gundi. Aliniuliza nikamwambia akanyage. Yalikuwa maneno machache tu.

Bi Mashavu alikuwa ukumbini juu ya mkeka, ametoka kuswali alasiri, simu mapajani. Amekonda. Shati la Ikram la kazini lilikuwa limekunjwa pembeni yake kama vile atalihitaji kesho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefungua?"

"Nimefungua."

"Haya niambie." Akamshika mkono, ule ule wa kulia, kwa mikono yake miwili. "Nimebakiwa na wewe tu, Muhidini. Niambie nani."

Alifungua kinywa. Alimtazama usoni, akaona jinsi anavyomtegemea, na akaona jinsi ambavyo hatamtazama hivyo tena. Alikuwa mwoga. Hakuna neno jingine la kumstahi.

"Kiwanda, mama."

Bi Mashavu akashusha pumzi ndefu, akalia, akamvuta na kulaza kichwa chake kifuani kwa mwanawe. Walikaa hivyo. Kisha kilio chake kikakatika. Akabaki ametega sikio, hatikisiki, muda mrefu kuliko mtu anavyokaa kifuani kwa mwanawe. Harufu ya oili iliyoungua ikajaa ukumbini.

Akainua kichwa. Akachukua simu kwa mkono mmoja, wa pili bado umeshika ule wa mwanawe, akaifungua ile rekodi, akaiweka juu ya kifua cha Muhidini. Ko, ko, ko, ilisema simu. Na chini yake, ndani ya mbavu, kavu vilevile, bila kupishana hata pigo moja, ko, ko, ko.

"Nakuuliza mara ya pili," mama alisema, sauti imekuwa ndogo. "Ni kiwanda?"

Muhidini alijaribu. Ulimi ulikuwa mzito, una ladha ya oili. "Kiwanda," alisema.

Bi Mashavu akamwachia mkono. Kwenye simu Ikram akacheka, kama anavyocheka kila siku, na rekodi ikaisha. Kifua cha kaka yake kikaendelea kugonga.