Mvua ya Mawe Iliyorudi Peke Yake

Mama Malefu alisema mvua ya mawe ilirudi. Ilipiga Jumanne, kijiji kizima tukaiona. Lakini yeye alishikilia kwamba usiku wa Jumatano ilirudi tena, ikaruka mashamba ya watu wote, ikateremka kwenye mahindi yake tu.

"Ilibisha hodi?" Ntate Pholo, mzee jirani yake, alimtania kisimani.

"Cheka tu, Pholo. Mjane hata mawe yanamjua."

Watu wakacheka. Nthatuoa, binti yake Pholo, aliinamia ndoo yake asiinue uso. Yeye alijua kilichokula mahindi yale.

Sisi Basotho, mvua ya mawe ikipiga, kesho yake hakuna anayekanyaga shamba. Ni mwiko. Jumatano ile Nthatuoa alikuwa mteremkoni akichunga ng'ombe wa baba yake. Alipoona hakuna mtu, akakaa kucheza vijiwe. Kuinua kichwa, ng'ombe wamo shambani kwa Mama Malefu, upande wa juu ambao mawe yaliusaza, wanatafuna. Aliogopa kuvunja mwiko. Akabaki mpakani, akipiga miluzi na kurusha mawe, mpaka ng'ombe waliposhiba wakatoka wenyewe. Jioni mvua ikafuta alama za kwato. Nthatuoa hakumwambia mtu.

Kisha akaja afisa wa kilimo kukagua mashamba, ili serikali iwalipe walioharibiwa mazao. Kwa Mama Malefu alikata bua moja, akaligeuzageuza.

"Mama, mawe huchana majani. Hayatafuni. Hapa pamepita ng'ombe. Umelisha ng'ombe wako ili ulipwe?"

"Ng'ombe gani, mwanangu? Mimi nina kuku watatu!"

"Basi umeshirikiana na mwenye nao. Nakufuta kwenye orodha. Hata upande wa chini hulipwi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama Malefu alishika kilemba chake kwa mikono miwili. Wajukuu zake wangekula nini majira ya baridi?

Nthatuoa alijipenyeza katikati ya watu, akasogea mbele.

"Ni ng'ombe wetu," alisema.

"Sema kwa sauti," afisa akamwambia.

"Ni ng'ombe wetu! Nilikuwa nacheza. Wakaingia, nikaogopa kuwafuata kwa sababu ya mwiko. Mama Malefu hajadanganya. Hakujua."

Afisa akamrudisha Mama Malefu orodhani: upande wa chini, uliopigwa na mawe, serikali italipa. Upande wa juu, Ntate Pholo akakubali mbele ya chifu kuulipa kwa mahindi ya ghala lake.

Njiani Ntate Pholo hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Mwanangu, uliogopa kukanyaga shamba," alisema, "hukuogopa kukanyaga mtu. Na mimi nikamkanyaga kwa kicheko changu. Kosa la ng'ombe hulipwa kwa mahindi likaisha. Ukilificha, analilipa asiyehusika."

Jioni Nthatuoa alijitwika kapu la kwanza, akaenda. Mama Malefu alikuwa ameketi kizingitini.

"Mama, baba amesema tuanze na haya." Akatua kapu, akapiga magoti. "Na mimi naomba unisamehe."

Mama Malefu alitia mkono kapuni, akachota punje, akazitazama. Kisha akawarushia kuku wake watatu, taratibu, mmoja mmoja, huku akimwacha Nthatuoa asubiri jibu, bado amepiga magoti.