Giga Tatu za Loveness

"Hii unasema huitumii?"

"Siitumii, mume wangu."

"Huitumii, halafu imekula giga tatu?"

Loveness aliacha kukanyaga cherehani. Mayala alikuwa ameketi kwenye stuli ndani ya kibanda cha ushonaji cha mkewe, pale mtaa wa Nyahanga, Kahama, simu ya mkewe mkononi, jasho likimtoka kama yuko shimoni.

Niseme mapema tusije tukadanganyana: huyu mwanaume alikuwa na wivu. Si ule wivu wa kununiana nusu saa, chai ikija mnacheka. Wa kwake ulikuwa wa kuhesabu dakika anazotumia mke kwenda kununua chumvi. Na kwa kuwa alichimba dhahabu kule Runzewe na kurudi Kahama mara mbili kwa mwezi, dakika za kuhesabu zilikuwa nyingi.

Jumapili hiyo alikuta mkewe analalamika kwamba simu imejaa. Wateja wakimtumia picha za mishono, hazifunguki. Mayala alikuwa ameshafundishwa dawa yake na Edson, fundi simu wa Runzewe. Akatoka, akanunua memori kadi, akaichomeka kwenye simu ya mkewe, akaielekeza simu iifanye kadi hiyo sehemu yake, akaanza kuhamisha app moja baada ya nyingine. Mapenzi matupu! Kumbe orodha ya app imepangwa kwa ukubwa, na iliyokaa juu kabisa haikuwa ya picha wala ya muziki. Ilikuwa ya kupigiana simu za video na kutumiana video, inaitwa Kibaraza.

"Giga tatu, Lavu. Zimeingiaje?"

"Simu hizi zina mambo yake. Labda zinajijaza zenyewe."

"Ngoja nifungue nione."

Akabonyeza. Kibaraza kikadai namba ya siri.

"Mungu wangu! App usiyoitumia ina namba ya siri?"

"Niliiweka zamani, nimesahau. Hamisha tu bwana, mteja anakuja kuchukua gauni lake."

Hajamaliza kusema, akaingia Swaleh, muuza vitambaa wa jirani, na bunda la uzi mweusi. Kijana mtanashati, ananukia kuanzia barabarani.

"Habari za hapa? Lavu, mzigo wako huu. Kaka Mayala, karibu nyumbani."

"Asante Swaleh, umeniokoa," Loveness akacheka.

Swaleh naye akacheka. Mayala akayahesabu meno yote yaliyoonekana. Alipotoka tu, akauliza:

"Huyu anakuitaje Lavu?"

"Nyahanga nzima inaniita Lavu."

"Lavu ni jina nililokupa mimi!"

"Basi kawanyang'anye mmoja mmoja."

Mayala akairudia simu. Namba ya siri hakuwa nayo, lakini kuhamisha app hakuhitaji namba ya siri. Akakihamisha Kibaraza na giga zake zote kwenye kadi. Jumatatu alfajiri, mkewe akiwa uani anachemsha maji, akachukua sindano ya cherehani, akaichomoa ile kadi, akaitia kwenye soksi. Huyo, akapanda gari la Runzewe.

Njia nzima alikuwa anajiona mpelelezi mkubwa. Alichopanga ni kuchomeka kadi kwenye simu yake mwenyewe aione sura ya huyo mwizi wake. Alipofika akachomeka, simu ikamwandikia kwamba kadi haisomeki, je, ungependa iandaliwe upya? Akakimbilia kwa Edson.

"Usibonyeze!" Edson akampiga kofi mkononi. "Ukikubali hapo inafuta kila kitu. Hii kadi ya nani?"

"Ya mke wangu."

"Wewe umeiba kadi ya mkeo?"

"Nimeazima. Nifungulie."

"Haifunguki, Mayala. Kadi ikishafanywa sehemu ya simu, inamjua bwana wake. Ni mpaka ile simu yake yenyewe."

"Hata wewe fundi?"

"Hata fundi wa fundi. Halafu sikia, mkeo huko app zote zimefifia, hazifanyi kazi. Jiandae kupigiwa."

Haikupita saa. Simu ikaita.

"Mume wangu, umeiona kadi?"

"Kadi gani?"

"Ile uliyoniwekea. App hazifunguki."

"Hizo za wateja au Kibaraza?"

Mayala akasikia cherehani ya msaidizi wa mkewe ikilia kwa mbali, akajiambia hiyo ni pikipiki ya Swaleh.

"Mayala, unayo wewe?"

"Ninayo. Niambie kilichomo nikurudishie leo hii."

"Ukija tutaongea, sisi wawili."

"Niambie sasa!"

"Si mambo ya kuongea kwenye simu."

Akakata. Dakika mbili mbele ukaingia ujumbe:

"Mume wangu nakuomba hiyo kadi usiifute. Nakuomba kwa jina la Mungu. Kuna vitu humo siwezi kuvipata tena."

Mayala aliusoma huo ujumbe akiwa mdomoni mwa duara, kamba ameshaifunga kiunoni, wenzake wanamngoja ashuke kwenye shimo. Akafungua kamba. Siku hiyo hakushuka. Akakaa kando ya mashine ya kusagia mawe, vumbi linamshukia, anajiuliza vitu gani hivyo ambavyo mwanamke hawezi kuvipata tena. Alimpenda Loveness, msione hivi. Alimpenda mpaka akawa mjinga. Miaka minne ya ndoa, mtoto hawajapata, na kila mama yake alipoanza maneno kuhusu tumbo la mkewe, Mayala alikuwa anainamisha kichwa tu. Sasa akaona picha yote: mke amechoka kungoja, amepata mwingine.

Akajibu:

"Jumamosi nakuja na baba mdogo. Na wewe mwite kaka yako Thobias. Simu itafunguliwa mbele ya watu. Kama ni ninachokifikiria, utarudi kwenu na ng'ombe wangu warudi kwangu."

Jibu likachelewa sana kuja.

"Usifanye hivyo Mayala. Kwa faida yako."

Kwa faida yangu! Ananitisha! Mayala akawaza. Akamwonyesha Edson. Edson akausoma mara mbili, akamrudishia simu.

"Mimi ningekuwa wewe, ningemrudishia kadi nikaomba msamaha."

"Ndiyo maana hujaoa," Mayala akamwambia.

*

Jumamosi saa nane mchana sebule ilijaa. Mzee Bartholomeo, baba mdogo wake Mayala, alikuwa amekalia kochi kubwa, kofia juu ya goti. Thobias, kaka yake Loveness, mwili kama gunia la mpunga lililosimama, alikaa karibu na mlango na hakuwa amegusa soda yake. Loveness akapiga magoti akasalimia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mayu. Wabeja, asante kwa mapokezi," Mzee Bartholomeo akaitikia. "Haya Mayala, ng'wana wane, mwanangu, umetuita. Sema."

Mayala akasimama, akaitoa kadi kwenye mfuko wa shati kama mtu anayetoa dhahabu ya gramu mia.

"Mke wangu ana mtu. Mawasiliano yao yako humu. Alificha kwa namba ya siri, mimi nikaichukua kadi. Leo aifungue wote tuone."

"Shemeji," Thobias akasema taratibu, "ukikosa ushahidi humo, ujue tutaongea lugha nyingine."

"Sikosi!"

Loveness akamtazama mumewe. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutikisika.

"Mayala, nakuomba kwa mara ya mwisho. Wazee watupishe dakika kumi. Tufungue sisi wawili chumbani. Baada ya hapo ukitaka kuwaita, waite."

"Unaona haya?"

"Sioni haya mimi."

"Basi fungua hapahapa!"

Mzee Bartholomeo akakohoa. "Mke wa Mayala, kama huna kosa, fungua yaishe."

Loveness akaichukua kadi, akaichomeka kwenye simu yake. Simu ikafikiri kidogo. Zile app zilizokuwa zimefifia zikarudisha rangi zake. Akagusa Kibaraza, akaandika namba ya siri, akamkabidhi mumewe.

"Haya. Soma kwa sauti."

Mayala akaipokea kwa kishindo. Ndani kulikuwa na mazungumzo na mtu mmoja tu. Akaanza kusoma jina:

"Mwai..."

Akaishia hapo.

"Mwai nani?" Thobias akauliza.

Chini ya jina kulikuwa na neno moja: Maganzo. Kabla dhahabu haijamwita, Mayala alikuwa amechimba almasi Maganzo misimu miwili. Na pale Maganzo kulikuwa na binti wa mwenye mgahawa, jina lake Mwaisha, ambaye siku moja alimwambia ana mimba yake. Wiki hiyohiyo Mayala akabadili laini ya simu na kuhama. Hakuwa amemwambia mtu yeyote duniani.

"Basi," akasema, sauti imekauka. "Basi, wazee, nadhani... nimekosea. Huyu ni mwanamke mwenzake tu. Tuishie hapa, tule."

"Tule nini?" Mzee Bartholomeo akavaa kofia yake, akaivua tena. "Umenitoa kijijini na mgongo huu nije kula? Fungua!"

"Baba mdogo..."

"Thobias, fungua wewe."

Thobias akainyakua simu, akabonyeza video ya kwanza iliyokutana na kidole chake. Sauti ya mtoto ikajaa sebuleni. Binti wa miaka mitano, kavaa gauni la njano lenye mikono ya puto, anazunguka zunguka ili lipepee.

"Mama Lavu, gauni limenienea! Asante mama Lavu!"

Hakuna aliyeuliza huyo ni mtoto wa nani. Masikio yalikuwa ya Mayala, yale makubwa yaliyosimama, na alipocheka ilikuwa ni Mayala anacheka. Mzee Bartholomeo akasogeza simu karibu na uso, akaangalia, akamwangalia mtoto wa kaka yake, akaangalia tena.

"Huyu ni marehemu mama yangu mtupu," akasema polepole. "Mayala, huyu mtoto anaitwa nani?"

Mayala akakaa chini. Hata jina hakulijua.

"Anaitwa Safiya," Loveness akajibu. "Mwaka jana mama yake alikuja kibandani na kitambaa cha njano, nimshonee mtoto gauni. Nikampima mabega, nikampima kiuno, nilipofika shingoni nikayaona hayo masikio. Nikamuuliza mama yake, dada, baba wa mtoto nani? Akaniambia, ndiye nimekuja kumtafuta, nimesikia anaishi na wewe."

"Lavu..."

"Nyamaza, ulitaka isomwe mbele ya watu! Nilikuuliza Mayala, si mara moja. Nikakuuliza Maganzo uliacha mtu? Ukaapa. Nikasema labda anaogopa, nimpe muda, atasema mwenyewe. Mwaisha hakutaka senti yako. Alitaka mtoto awe na watu upande wa baba. Kila Jumapili ananitumia video, na mimi nazitazama peke yangu hapo kwenye cherehani. Simu yake iliibiwa, zilizobaki ni hizo tu, anavyoanza kusoma, jino lake la kwanza lilivyong'oka. Na wewe ungeweza kuzifuta zote."

Akajifuta uso kwa tepu ya kupimia iliyokuwa shingoni, hata hakuona anachojifutia.

"Miaka minne mama yako ananisema mimi tasa, na wewe unajua una mtoto, unainamisha kichwa. Na leo umeniitia kaka yangu uniite malaya."

Thobias akasimama. Sebule ikawa ndogo ghafla.

"Shemeji, umesema unataka ng'ombe wako. Bado unawataka?"

"Hapana, kaka."

"Sijasikia."

"Hapana! Siwataki!" Mayala akapiga magoti, si kwa Thobias, kwa mkewe. "Lavu, nimekukosea. Nipige, nifukuze, lakini usiniache. Wivu ulinipofusha. Nilidhani kila mtu ni kama mimi."

Hilo la mwisho lilimtoka bila kupanga, na lilikuwa la kweli kuliko yote aliyoyasema wiki ile.

Loveness akaikunja ile tepu, macho kwa mumewe. Alikuwa bado anampenda, na hilo lilimuudhi kupita maelezo.

"Sijaondoka," akasema. "Na sijakusamehe. Kama unataka niendelee kupika kwenye nyumba hii, umkubali huyu mtoto leo, mbele ya hawahawa uliowaita. Siyo kesho. Leo."

"Namkubali!"

"Usiniambie mimi."

Akachukua simu kwa Thobias, akapiga ya video. Ikaita mara tatu, ikapokelewa. Mwanamke mwenye mtandio wa buluu akatokea, nyuma yake masufuria ya mgahawa.

"Dada Lavu! Nilidhani umepotea, wiki nzima Kibaraza kimya."

"Simu ilikuwa na matatizo, dada Mwaisha. Nipe Safiya. Kuna mtu hapa amepiga magoti."

Mwaisha akaelewa. Akakaza uso, akasita, halafu akaita. Mtoto akaja mbio, akaibandika pua yake kwenye kioo.

"Shikamoo mama Lavu!"

"Marahaba mwanangu. Kuna mgeni, msalimie." Akamtilia Mayala simu mkononi. "Haya."

"Shikamoo," mtoto akasema.

"Mara... marahaba." Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Wewe nani?"

Mayala akamtazama mkewe. Loveness akaangalia pembeni. Akamtazama baba yake mdogo. Mzee akamwashiria kwa kidevu, sema.

"Mimi ni baba yako, Safiya."

Mtoto akamkodolea macho, kwa makini, kama anayemkagua. Kisha akageuka nyuma.

"Mama! Si ulisema baba hana simu?"

Mayala alikuwa nazo mbili, ya mkewe mkononi na yake mfukoni.