Kidole cha Jorunn

Walikutana gatini Haugesund, mji wa bandari wa Norwe, kwenye foleni ya kamba wa kuchemsha. Jorunn, ndani ya koti la mvua la manjano, alishindwa kuvumilia. Akanunua mfuko wake na kuanza kumenya palepale.

"Dada, hivyo vidole umeviazima wapi?" aliuliza mwanamume nyuma yake, unga wa ngano ukiwa bado kwenye nyusi. Alikuwa Torgeir, mwoka mikate.

"Kazini. Naunganisha kebo za umeme zinazoshuka mpaka chini ya bahari, kwenye pampu za mafuta."

"Basi nimenyee na mimi."

"Mikono unayo, kaka." Lakini alimmenyea.

Baridi ilipokwisha, Torgeir alimvisha pete. Jorunn akalia kwa furaha, akasafiri na meli ya kazini kama kawaida. Kisha gazeti la mji likatoa picha yake akiwa melini, ameshika kebo, kidole kitupu. Torgeir akapiga simu.

"Umeivua."

"Mpenzi, kwenye hema la kuungia kebo hatuingii na pete. Ikikwaruza kebo kidogo tu, maji yanapenya na..."

"Ungeniambia siku ile nilipokuvisha. Umeniacha naringa mji mzima."

Ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Aliogopa kumharibia furaha. Msimamizi akamwita: kebo ilikuwa wazi, ikivuta unyevu imekwisha.

"Siwezi kuiacha, Torgeir. Ngoja nimalize."

"Kila siku ngoja. Nirudishie pete yangu." Akakata.

Jorunn alilia ndani ya barakoa, ila vidole havikutetemeka. Alizungusha utepe tabaka juu ya tabaka mpaka akakifunga kiungo. Kebo ikashushwa, umeme ukapelekwa, na kule chini gizani pampu ikaanza kuzunguka. Wenzake wakapeana mikono. Yeye aliwaza atawezaje kuishi na kazi hii na mtu huyu asipoteze hata kimoja.

Meli ilipofika alipitia mahali kwanza, ndipo akaingia kwenye duka la mikate. Akaiweka pete mezani.

"Hiyo hapo. Au nivishe, niwe naivaa nikiwa nyumbani."

Torgeir hakuigusa. "Na ukiwa kazini?"

Jorunn akavua glavu. Kidole kilikuwa kimevimba kidogo, kimezungukwa na mstari mwembamba mweusi wa tatuu.

"Hii haikwaruzi kitu."

Torgeir alikishika kile kidole taratibu. "Na kama ningekufukuza je?"

"Ningebaki nayo."

Torgeir akaichukua pete mezani, akaenda kufunga mlango wa duka, na foleni nje imejaa.