Namba Iliyokuwa Ukutani

Mwanamke mmoja mshonaji alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari. Asubuhi hiyo aliacha cherehani yake ili amsindikize mama yake mzazi. Mzazi huyo alikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama limau. Daktari mpya wa mtaani alisema atautoa kwa kisu, kazi ya nusu saa tu. Mama alikuwa ameshaingia. Mlango ulikuwa umefungwa.

Ukutani palikuwa na leseni ya udaktari ndani ya fremu. Mshonaji akakumbuka maneno ya jirani yake, karani wa Baraza la Madaktari la mkoa.

"Sisi hatutoi leseni kama njugu," jirani alimwambia. "Tunakagua vyeti. Tunahakikisha mtu amefanya kazi chini ya madaktari wazoefu. Ndipo jina lake linaingia kwenye daftari letu. Ukiwa na shaka, uliza. Ni haki yako."

Mshonaji aliona haya. Mshonaji tu amchunguze daktari? Hata hivyo, akampigia jirani simu na kumsomea namba ya leseni ile.

Kurasa za daftari zilisikika zikifunuliwa.

"Huyo daktari ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Namba hii ni ya daktari mwanamke. Alistaafu zamani. Mtoe mama humo! Sasa hivi! Mimi naja na mkaguzi."

Mshonaji aliruka kutoka kwenye benchi. Akagonga mlango. Akagonga kwa ngumi mbili.

"Subiri nje!" sauti ya mwanamume ilijibu. "Nimeshaanza!"

"Mama! Mama, unanisikia?"

Mshonaji alirudi nyuma hatua mbili. Akausukuma mlango kwa bega, mara moja, mara mbili. Kitasa kikaachia.

Mama alikuwa amelala kitandani, shingo imepakwa dawa ya kahawia. Yule mtu alishika sindano.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "mbona umevunja mlango wa watu?"

"Inuka, mama. Twende."

"Ukimtoa, atakufa!" yule mtu alifoka.

Mshonaji alimshika mama kiunoni, wakatoka wakijikokota hadi barabarani. Hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Jirani alifika na mkaguzi pamoja na polisi. Ilibainika kwamba mtu yule alikuwa dereva wa gari la wagonjwa, hajawahi kusomea udaktari. Baraza likaifunga zahanati, naye akapelekwa mahakamani.

Siku ya pili mama alipelekwa hospitali kubwa. Kabla ya lolote, mshonaji alisema, "Samahani, daktari. Naomba namba ya leseni yako."

Daktari hakukasirika. Alimpa, naye jirani akathibitisha kwa simu. Kisha daktari akampima mama damu.

"Ni tezi ya shingo iliyovimba, hapa hapahitaji kisu," alisema majibu yalipotoka. "Vidonge vitatosha. Shingoni kuna mishipa mikubwa ya damu. Asiyejua angeikata, mama asingefika hapa."

Baada ya miezi minne uvimbe ulikuwa umepungua hadi kuwa kama punje ya hindi. Siku ya kuchunguzwa tena, daktari alimtania mshonaji.

"Siku ile ungenikuta sina leseni, ungefanyaje?"

"Ningembeba mama mgongoni, nikimbie."

Mama akacheka hadi akakohoa. "Mimi ndiye ningekubeba wewe. Ulikuwa unatetemeka kuliko mimi!"