Kijaluba cha Baba

Mshale wa kompyuta ulianza kusogea kabla Azhar hajawaza chochote. Daktari Suhaila alikuwa bado anamshikiza nyaya kichwani, nao mshale ukateleza hadi kushoto, kwenye HAPANA.

"Leo una haraka," daktari akatania. "Hata sijakuuliza!"

Tangu kiharusi kimwangushe Azhar sokoni mjini Kota Bharu, hakubakiwa na ulimi wala mkono unaomtii, na kope zake zilijifunga zilivyotaka zenyewe. Alibaki na kofia ile ya nyaya. Akiwaza anakunja ngumi ya kulia, mawimbi ya ubongo juu ya sikio la kushoto yalitulia, na kompyuta ikaandika NDIYO. Akiwaza ngumi ya kushoto, HAPANA. Maneno mawili tu, lakini ndiyo yaliyomrudisha kuwa mume wa Rosmah.

Halafu akanusa tambuu iliyotafunwa. Ilikuwa pumzi ya marehemu baba yake, tena ikitokea kisogoni pake mwenyewe. Hapo akakumbuka ya jana.

Jana kaka yake Sabri alimletea daktari wali wa buluu, chakula cha kwao, akaomba yeye mwenyewe amfanyishe mdogo wake mazoezi. Akatoa kijaluba cha baba yao, kile kijisanduku cha tambuu.

"Ngumi tupu inachosha, mdogo wangu. Waza unapokea hiki, kwa mkono wa kulia, kwa adabu. Umepokea?"

Azhar, kwa furaha ya kukumbukwa na kaka, akapokea kwa moyo wake wote. NDIYO.

Ukoo mzima ulijua kwamba saka, jini la kurithi, halihami mpaka mrithi alipokee kwa mkono. Sabri alilipokea pamoja na kijaluba hicho baba alipofariki; duka lake likanawiri, kisha wanawe wakaanza kunyauka. Azhar hakuwa na hofu nalo, maana mkono wenyewe hana. Kumbe Sabri alimsikia daktari akieleza kuwa ubongo ukiwaza kupokea, hufanya karibu kazi ileile ya kupokea. Kaka wa tumbo moja! Uchungu wa jambo hilo uliuzidi hata woga wake.

Rosmah alipoona mshale unacheza wenyewe, alimwita mganga, Tok Nawi. Sabri naye akaja, akasimama karibu na mlango.

"Tok, harufu ya tambuu imeingia hadi kwenye nguo zangu," Rosmah akanong'ona.

"Nitalitoa, mama, ila lazima yeye mwenyewe aridhie. Azhar, unataka liondoke?"

Azhar akakunja ngumi ya kulia, akaikunja kwa akili yake yote, huku harufu ya tambuu ikimpanda puani na vidole baridi visivyokuwa vyake vikifunguka ndani ya kichwa chake, kimoja baada ya kingine, vikaushika ule mkono wa mawazo na kuulaza chini taratibu kama mtu anayemlaza mtoto, na mshale ukatetemeka, ukasita, ukaenda kushoto.

HAPANA.

Tok Nawi akaanza kufunga ubani wake. "Mwenyewe hataki, mama. Mimi sina la kufanya."

Sabri akainama kumbusu mdogo wake kwenye paji la uso. "Wanangu leo wamekula," akamnong'oneza. "Wamekula wakashiba." Kisha akatoka bila kugeuka.

Rosmah akakishika kile kiganja kisichohisi kitu, machozi yakimtiririka. "Mume wangu, niambie ukweli. Ni wewe unayejibu?"

Mshale haukusita hata kidogo.

NDIYO.