Shuka Mlangoni pa Sauna

Shuka lilikuwa kavu Sirkka alipolitundika. Alikuwa na hakika, maana alilitoa kabatini mwenyewe, likiwa bado na mikunjo ya pasi. Sasa ndiyo kwanza anarudi na sinia la maandazi ya mdalasini, na shuka lilelile limelowa mahali pamoja tu, katikati, usawa wa mdomo wa mtu.

"Mvuke huo," alijiambia. "Sauna yenyewe kuukuu, inavuja kama ungo." Akaweka sinia mezani, akaendelea na shughuli zake.

Na shughuli zilikuwepo, jamani. Sirkka alikuwa mwanamke wa makelele, wala hakuna aliyemsingizia, mwenyewe alikiri. Alizaliwa mjini Tampere, katika nyumba ya watu wasiojua kufunga mdomo, akaja kuolewa kijijini Haukilampi na Taisto, mwanamume ambaye ukimsalimu asubuhi anakuitikia adhuhuri. Walipendana, tena sana. Lakini kila Taisto alipofikisha siku yake ya kuzaliwa, Sirkka alimwalikia kijiji kizima, na akodeoni juu. Mwaka jana wageni walimtafuta mwenye sherehe wakamkuta bandani, amekaa juu ya rundo la kuni, anamenya tufaha gizani. Usiku ule alimwambia mkewe maneno mawili tu: "Sirkka, nachoka." Tangu hapo akawa analala kwenye kibanda cha ziwani, mara leo, mara kesho, mpaka mto wake wa kitandani ukaanza kunuka kabati.

Sirkka aliogopa. Aliogopa kwamba mtu huyu atanyamaza, atanyamaza, mpaka siku moja anyamaze akiwa kwingine. Ndipo akakaa chini, safari hii akafikiri kabla ya kusema. Mtu wa namna ya Taisto, ambaye furaha yake yote imo ndani, humpi karamu. Unampa utulivu. Kwa hiyo akapanga jioni ya filamu, wao wawili tu, katika chumba cha kuvulia nguo cha sauna, kile kijumba cha kuogea mvuke, ya marehemu mama mkwe, mahali Taisto alipopapenda kuliko pote duniani. Viti viwili vikae ubavu kwa ubavu, visitazamane. Mablanketi ya sufu. Kakao kwenye chupa ya chai. Simu zikaachwa nyumbani, ndani ya kopo la mkate. Filamu ikawa ya kale, ya watu wanaoelekeza magogo mtoni, ambamo hakuna anayesema neno ila gogo likimkanyaga. Na Sirkka akaapa kwa roho yake kwamba hatauliza hata mara moja, "Unafikiria nini?"

Kasoro ilikuwa ukuta wa kuonyeshea filamu. Chumba kile kuta zake ni magogo na misumari ya kutundikia nguo. Mahali paliponyooka ni pamoja tu, napo ni mlango wa kuingilia kwenye chumba cha mvuke. Basi akaufunga mlango, akalitandaza shuka juu yake na kulipigilia misumari juu, chini na pembeni, likakazika kama ngozi ya ngoma.

Nayo ilikuwa Jumamosi ya Kekri, sikukuu ya kufunga mavuno. Mavuno yameisha, viazi vimeingia gizani, watu wameoga mapema. Desturi Sirkka aliijua. Marehemu Hilja, mama mkwe wake, alimfundisha tangu mwaka wa kwanza: "Duru ya mwisho ya mvuke si yetu, mwanangu. Ni ya mwenyeji wa sauna. Mwachie ndoo ya maji ya moto, mwachie kicha kibichi cha matawi ya mti wa mbetula cha kujichapia, na mlango uache wazi kidogo. Anayemfungia atafungiwa." Sisi tungemwita jini. Wao humwita mwenyeji, kwa adabu. Sirkka ndoo aliijaza, kicha akakiweka juu ya benchi, hata sabuni mpya akatoa. Mlango ndio aliousahau. Au tuseme ukweli: hakuusahau. Aliona ni saa moja na nusu tu ya filamu, mwenyeji huyo atavumilia.

Taisto aliingia akiwa bado na unyevu wa kuoga nyweleni. Akatazama viti, akatazama mablanketi, akamtazama mkewe.

"Hakuna mtu anakuja?" aliuliza.

"Nani aje? Nimewafukuza wote. Hata mimi mwenyewe nimejifukuza nusu."

Taisto akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa pumzi tu puani, lakini Sirkka alikisubiri mwaka mzima, na moyo wake ukafurahi mpaka akataka kupiga kelele. Akajiuma ulimi. Wakakaa. Projekta ikawaka, mto mweusi ukaanza kutiririka juu ya shuka, na baada ya muda mkono wa Taisto ukatoka chini ya blanketi na kuushika wake.

Hapo ndipo mtu alipomwaga maji juu ya mawe ya jiko.

Sirkka alisikia wazi: kata ikigonga ndoo, maji, kisha ule mfoko mrefu wa mvuke. Taisto naye alisikia, maana vidole vyake vilikaza.

"Sirkka," alinong'ona. "Huo mlango uliufunga?"

"Nimeubana kidogo tu, kwa ajili ya shuka..."

"Na misumari?"

"Taisto, si filamu tu hii?"

"Basi nyamaza," alisema kwa sauti ndogo kabisa. "Usipige kelele. Hapendi kelele. Inuka polepole, twende nje."

Upande wa pili kicha kilianza kuchapa. Taratibu kwanza, kama mtu anayejichapa mabega, halafu kwa nguvu, halafu kwa hasira, majani yakawa si majani tena bali fimbo tupu juu ya mbao, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, ikafuatwa na joto ambalo jiko lililoachwa lipoe halikuwa na haki ya kulitoa, mpaka maandazi yakaanza kutoa jasho kwenye sinia na lile doa bichi la shuka likazidi kupanuka, likavutika ndani, likatoka nje, likavutika ndani, na Sirkka akaelewa kwamba kuna kinywa nyuma yake, na kwamba kinywa hicho kilikuwa kikivuta pumzi hapo tangu alipopigilia msumari wa mwisho. Watu wa magogo waliendelea kupita juu ya uso ule uliokuwa ukijichora kwenye kitambaa, paji, pua pana, meno.

Msumari wa kwanza uliruka ukampiga Sirkka shavuni. Akapiga ukelele. Ndiyo, alipiga, nani asingepiga?

Mlango ulifunguka kwa kishindo na shuka likapasuka katikati. Mkono uliotoka ulikuwa mwekundu, umetokota, na kucha zake ni masizi. Ulimkamata Taisto kwenye taya, vidole ndani ya mdomo, ukambamiza kwenye mwimo wa mlango mara moja, mara mbili, meno yakadondoka juu ya sakafu, kisha ukaanza kumvuta. Sirkka alikwapua shoka la kuchanjia kuni, akalishusha juu ya mkono ule kwa nguvu zake zote. Shoka likazama kama ndani ya gogo lililooza, na badala ya damu yakaruka maji ya moto yaliyomwunguza shingo na kifua. Akalitupa shoka, akajirusha chini na kumshika mumewe kifundo cha mguu, huku akilia, "Mwache! Nilifunga mimi! Nichukue mimi!" na akavuta, na kule ndani kukavutwa, na kwa joto lile ngozi ya mguu wa Taisto ikateleza ikabaki mikononi mwake, nzima nzima, kama soksi. Mlango ukajipiga. Ncha za vidole viwili vya Sirkka zilibaki upande wa pili.

Kisha akamsikia. Taisto, ambaye hakuwahi kupaza sauti maishani mwake, hata siku ng'ombe alipomvunja mbavu, alikuwa akipiga kelele nyuma ya mlango, akiita jina lake, Sirkka, Sirkka, na kila alipoita kicha kilishuka juu ya kitu kibichi, na kitu kingine kikachanika taratibu kama kitambaa kizuri, na Sirkka akauchanja mlango kwa shoka, mkono wake ukitiririka damu, mlango wa mbao za kawaida ambao hakuna hata kibanzi kilichotoka, akauchanja mpaka zile kelele zikawa kilio, kilio kikawa mkoromo, na mkoromo ukawa si kitu.

Projekta ilikuwa bado inazunguka. Mlango ukafunguliwa kwa ndani, kistaarabu.

Taisto alitoka. Mzima, mwekundu wa kuoga, nywele zimechanwa, meno yote mdomoni, miguu yote miwili na ngozi yake.

"Mke wangu!" alisema kwa sauti ya kujaza chumba. "Mbona uko chini? Unalia nini, mpenzi, na jioni nzuri kama hii? Filamu gani hii ya maiti? Zima, bwana! Twende tuwaite majirani, tule, tucheze, mimi leo nina maneno!"

Sirkka alimtazama. Ndani ya ngumi yake nzima alikuwa bado ameshika ngozi ya kisigino.

Bibi Impi, aliyeitwa na Sirkka, alikuja siku ya pili, mchana kweupe. Ndiye mwumikaji wa mwisho katika vijiji vile, mwanamke aliyetoa damu mbaya za watu kwa pembe tangu enzi za utoto wa Hilja. Taisto alivua shati kwa furaha zote, akakaa kinyumenyume kwenye kiti, akampigia bibi hadithi na kumtania: "Umika, bibi, umika! Tena usinionee huruma, mimi ngozi yangu ngumu!" Bibi Impi akachanja, akabandika pembe, akafyonza. Alipoibandua hakukuwa na damu. Kulikuwa na maji ya moto yenye masizi, na jani moja la mbetula.

Akamvuta Sirkka jikoni.

"Mwanangu, huyu siye," alinong'ona. "Yule mliyemfungia ametoka. Wako kafungiwa mahali pake. Kilichokaa pale ni ngozi ya mumeo tu, na aliyeivaa mnamjua."

"Basi mtoe, bibi. Mtoe ndani yake, nakuomba. Chochote."

"Lazima arudi mwenyewe chumba cha mvuke, na mlango wazi. Nitamsomea. Nilimsomea hata baba yake Taisto..."

"Mnanong'ona nini, wanawake wazuri?" Taisto alikuwa mlangoni, anatabasamu, pembe mkononi. Akamshika bibi kizee kwa upole, kama anayemsaidia kuvuka njia, akauweka mkono wake juu ya meza na kuugongomelea pale kwa ile pembe. Mfupa ulilia. Bibi Impi hakulia, alizimia tu. "Mikono ya kizee hutetemeka," Taisto alisema, akifuta vidole kwenye suruali. "Aliteleza, masikini. Utawaambia hivyo watu, sawa, mke wangu? Wewe si hodari wa kusema?"

Na kweli aliwaambia hivyo. Bibi Impi hakuumika tena mtu, wala hakupita tena barabara ile.

Kijiji kimefurahi. Wanasema ndoa imemfungua Taisto ulimi, heri kuchelewa. Kila Jumamosi nyumba inajaa, akodeoni inalia, yeye anasimulia mpaka watu wanashika mbavu, na huwauliza wageni wote, mmoja mmoja, wanafikiria nini.

Sirkka huaga mapema. Husema kichwa kinamwuma. Hushuka mpaka sauna na kuwasha jiko kwa vijiti vichache, moto mdogo, joto la kumfaa mtu asiye na ngozi. Mwanzoni aliufungua ule mlango kila mara. Mara zote alikuta mabenchi matupu, ndoo na kicha. Ukiwa wazi hakuna kitu. Ukifungwa, baada ya muda kidogo, ubao hulalamika, kama mtu ameketi sakafuni upande wa pili na kuuegemeza mgongo polepole, kwa uchungu.

Basi huufunga. Ametundika shuka jipya, bila misumari. Humimina kakao vikombe viwili, hukaa chini na kuegemea upande wake, blanketi mabegani, na hafungui mdomo. Amejifunza. Angeweza kukaa hivyo miaka yote iliyobaki bila kuuliza neno.

"Sirkka!" Sauti inaita kutoka nyumbani, kubwa, ya furaha, inakaribia kupitia uani. "Sirkka we! Mbona siku hizi umekuwa bubu? Toka huko, mke wangu, tuzungumze!"

Sirkka analitazama shuka kando ya bega lake, mahali ambapo doa dogo la unyevu linatokea na kukauka, linatokea na kukauka, chini kabisa, usawa wa mdomo wa mtu aliyekaa.