Mzigo wa Hubara

"Karak moja, bila sukari."

Sauti ya Mubin, mkuu wake, ilimjia Fairuz kwenye kidude cha sikioni. Kwa lugha yao ya kazi, mzigo umeshatoka hifadhini. Uzuiwe, na risasi isilie.

Fairuz akabeba sinia ya karak, ile chai nzito ya maziwa, akatoka kwenye jua la Mei. Majuma haya yote alikuwa muuza chai kando ya barabara, pale magari yatokapo jangwani. Lo! Mwana wa Mvita, jasusi mzima, anapigiwa honi alete vikombe. Haya, na bastola, Glock 19, ilikuwa chini ya aproni.

Hakuwa akiwaza mzigo.

Alikuwa akimwaza Harrison, askari wa hifadhi. Yeye ndiye aliyewagundua wezi wa hubara, wale ndege wakubwa wa mchangani ambao watu hulipia ghali ili kufundishia vipanga wao kuwinda. Na Fairuz ndiye aliyemshawishi awe jicho lake huko ndani. Tangu asubuhi simu ya Harrison haipokelewi. Droni yenye kamera ya joto ilirudi bure, maana mchanga ulikuwa wa moto kuliko mtu. Mkewe, Metrine, mfanyakazi wa nyumba kule Al Warqa, alikuwa amepiga simu kuulizia hadi sauti ikamkauka.

Hilux nyeupe iliyosheheni majani ya ngamia ikasimama.

Honi.

Dereva alikuwa mtu mzima, Wahid kwa jina, na Kiswahili chake cha Unguja kilinyooka. Fairuz akampa chai, akamuuliza kwa upole anatokea wapi. Akajibu anatoka Al Twar, mtaa wa mjini, lami mwanzo mwisho, anapeleka majani zizini.

Fairuz akatazama magurudumu.

Yamenywea.

Aingiaye mchangani hupunguza upepo, la sivyo gari litazama. Atokaye huujaza tena kabla ya kushika barabara kuu. Mwenzetu alikuwa na haraka, pampu ya upepo iko hapo mbele yake na hakuigusa. Njia ya mwongo fupi.

Chai ya moto ikamwagika mapajani mwa Wahid. Alipomaliza kupiga kelele, mkono wake ulikuwa umefungwa pingu mlangoni na mtutu umemgusa shavu.

Chini ya majani kulikuwa na masanduku. Hubara walifungwa macho na miguu, midomo wazi kwa kiu. Baadhi walikuwa wameshakufa.

Wahid akatabasamu, wala haya hana.

"Askari wenu yu hai, dada. Nimemwacha mahali bila maji. Niachie njia nikuonyeshe alipo, khalas, yaishe. Ukinipeleka kituoni sifumbui mdomo, na jua halimngoji mtu."

Fairuz akabonyeza kidude cha sikioni. Akamwita Mubin.

"Mzigo kwanza," Mubin akasema. "Wahid asitoke."

"Na Harrison?"



"Nisamehe, Fairuz."

Alilizunguka gari kwa hasira, hajui amlaani nani. Ndipo akaona, chini ya bampa ya mbele, vijitunda vyekundu vyenye manyoya vimenasa. Arta! Harrison alikuwa akikijivunia kichaka hicho kama mwanawe wa kuzaa. Ngamia wamekitafuna kote, kimebaki ndani ya uzio mmoja tu wa hifadhi.

"Uzio wa kaskazini," akasema redioni. "Penye arta. Yalla, Mubin, wakimbie!"

Land Cruiser ya askari wa hifadhi ikaenda. Fairuz akabaki kumlinda Wahid, akiomba dua kimoyomoyo. Wahid naye alikuwa ameacha kutabasamu.

Redio ikakoroma.

"Tumempata."

"Mzima?"

"Amekwisha. Risasi ya kisogo. Mwili umeshakakamaa, ni wa tangu alfajiri."

Kumbe Wahid alikuwa akimuuzia maiti.

Kidole cha Fairuz kilikaa kwenye kifyatulio, kikakaa. Kisha akakitoa. King'ora cha polisi kilikuwa kinakaribia.

"Maji, dada," Wahid akanong'ona, jua limemkausha midomo. "Nakuomba."

Fairuz akafungua chupa ya maji baridi. Akapiga magoti kando ya masanduku, akawafungua hubara macho, akawanywesha kwa kikombe cha karak, mmoja baada ya mwingine, hadi chupa ikaisha. Wahid alikuwa anatazama.

Polisi walipofika, akawakabidhi funguo za pingu. Akavua aproni, akaelekea barabarani kwa mwendo wa mtu asiye na haraka, akitafuta namba ya Metrine.

Simu ililia mara moja tu, ikapokelewa.